Siku Niliyofikishwa Kihagara Ndani ya Kabati

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile kama pale Kihagara pangekuwa na shimo wazi ningeingia mwenyewe na kuwaomba wanifukie. Nawasimulia kwa sababu najua mmeshasikia kwa watu, na huko kwa watu habari imeota mikia (kuna anayesema nilitoka uchi, si kweli, nilikuwa na gauni langu la kitenge, ila lilikuwa limepanda kidogo), basi ni afadhali msikie kwa mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Nina karakana pale Mbinga mjini, natengeneza vitanda, meza na makabati, ufundi niliorithi kwa marehemu baba, na tangu nianze mbao hazijawahi kunitoa machozi, wanaonitoa machozi ni wasafirishaji. Kutengeneza kabati ni kazi, ila kulifikisha kwa mwenyewe likiwa bado ni kabati, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ukienda kwenye basi, konda anatazama mzigo kama umemtukania mama yake, anaukubali shingo upande, anausindilia kati ya magunia ya viazi, na kesho yake mteja wa kijiji cha Maguu anakupigia, "Mama Fundi, hiki kitanda umekitengeneza cha miguu mitatu?" Bodaboda mmoja nilimpa meza yenye kioo aipeleke Ruanda, hii ya kwetu Mbinga, meza ilifika, kioo hadi leo sijui kilishukia wapi. Na wa malori ndio usiseme, anakuambia "nipo njiani" huku unasikia kwenye simu mkewe anamkaribisha uji.

Sasa akaja Mama Restituta. Huyu ni mjane wa Kihagara, kule chini ziwani, mama mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alipanda hadi Mbinga na mbao za mninga kwenye gari la mizigo, amekaa juu yake mwenyewe kama kuku juu ya mayai. Mbao zile mumewe alizipasua kutoka mti wa shambani kwake, akazipanga darini zikauke, na kila binti yao Restituta akimuuliza za nini, baba yake anamjibu, "Za kabati lako, siku utakayoolewa." Siku yenyewe ikafika, baba hayupo. Mama akanishika mkono pale karakanani akasema, "Mwanangu, ukikosea kupima, nyingine hakuna."

Wallahi nililitengeneza lile kabati kwa adabu kama naosha maiti wa nyumbani. Milango mizito, upande mmoja mrefu wa kutundikia magauni, nyuma plaiwudi nene niliyoifunga kwa skrubu na kuitoboa vitundu vya hewa kwa keekee, na mlangoni nikaweka kitasa cha kujifunga chenyewe, ukisukuma tu, tap! kufungua mpaka ufunguo. Nikajisifu. Nikasema kitasa hiki mwizi atazeeka mlangoni.

Likabaki la kulifikisha. Sendofu ya binti, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi mchana, na wote niliowauliza walikuwa na sababu. Ndipo jirani akanielekeza kwa kijana mmoja anaitwa Gaudensi, ana kenta yake, lori dogo, inayoteremka ziwani. Nikaenda kuiona. Jamani ile kenta! Bampa limefungwa kwa kamba ya katani, kioo cha pembeni kimeshikwa na raba. Gaudensi mwenyewe mkimya, akalizunguka kabati, akapapasa pembe zake, akaniuliza swali moja tu, "Dada Skola, huyu ni upande gani hapendi kugongwa?" Kaliita kabati "huyu". Nilipaswa kumwamini hapo hapo, lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikamwambia, "Sawa, utalibeba, ila nami naenda. Siliondolei macho."

Asubuhi tukalilaza chali juu ya magodoro, tukafunika turubai. Nilikuwa nikae mbele, ila pale stendi alikuwepo mama ametoka hospitali na kichanga chake, anaelekea Mbamba Bay, basi limemwacha. Gaudensi akanitazama tu. Nikampisha. Mkoba wangu na simu nikaviacha mbele kwenye kiti, nikapanda nyuma, nikakaa kando ya kabati, nimelishika kama mgonjwa.

Tulipoanza kuteremka zile kona, mvua ikashuka. Si mvua ya kuuliza hali, ni ile ya Mbinga inayokuja na hasira zake. Nikaingia chini ya turubai, maji yakanifuata. Ndipo nikapata akili (naiita akili, nisameheni). Nikafungua mlango wa upande mrefu, kabati likiwa limelala limekaa kama sanduku, mle ndani nilikuwa nimetandika mablanketi ya kuzuia mikwaruzo, pakavu, pana joto, panataka mtu. Nikavua ndala zisije zikachafua, nikazama, na mwili wenyewe mnaujua, nikaenea kama andazi kwenye kikombe. Mlango nikauegemeza kwa kiganja. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikesha napiga vanishi. Sijui hata nilisinzia kona ya ngapi.

Nikaja kushtuka nimo hewani.

Yaani naelea, nayumba, chini yangu mabega ya wanaume na sauti zao, "Taratibu! Inua huko nyuma! Mninga huu mzito jamani!" na pembeni vigelegele na wimbo wa akina mama wanaopokea zawadi. Giza. Nikasukuma mlango. Wapi. Kiganja kilikuwa kimeteleza usingizini, mlango ukajishukia, kitasa changu kikafanya kazi yake, tap. Na ufunguo? Ulikuwa shingoni mwangu kwa kamba. Upande wa ndani sikuweka tundu, nani anafungulia kabati kwa ndani?

Hapo ndipo nilipoamua lile jambo dogo lililonimaliza. Ningepiga kelele wakati ule ule, ingekuwa aibu ya watu wachache wenye mabega. Lakini nikajisemea, tulia Skola, watakuweka chumbani, watu watatoka, utamwita mama mmoja kwa sauti ya chini, yaishe. Nikanyamaza.

Hawakwenda chumbani. Walilisimamisha kabati uwanjani, mbele ya wageni na wakwe, na liliposimama mimi nikaporomoka ndani, puu!

"Kuna kitu kimedondoka," mmoja akasema.

"Droo hizo," mwingine akajibu.

Nikabana pumzi nikawa droo.

Mshehereshaji akashika kipaza sauti, akaeleza wageni habari ya mbao na baba, uwanja ukatulia. Kisha nikasikia hatua za mtu mmoja, na kiganja kikiupapasa mlango, sentimita chache tu kutoka usoni kwangu. Alikuwa Mama Restituta. Hakutumia kipaza sauti. Aliweka paji la uso wake kwenye mbao, akanong'ona, "Baba Resti. Kabati lako hili. Limetoka zuri. Mtoto anaondoka, nami nabaki na nani nyumba ile? Ungekuwepo ungejua la kumwambia leo, mimi maneno sina."

Ninyi mngefanyaje? Nami nina baba aliyelala, na randa yake ndiyo niliyotumia kwenye mlango ule ule. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kilio ni kama kikohozi, ukikizuia huku kinatokea kule. Ikanitoka kwikwi moja kubwa, mle ndani ya mninga ikavuma kama ya mwanamume.

Mama akasema, "Yesu wangu!" kisha nikasikia kiti, sahani, miguu ya watu ikitawanyika, mtoto analia, na mtu anapaza sauti ya majivuno akisema hakimbii bali anakwenda kutafuta msaada. Alibaki karibu mzee mmoja, katekista wa kigango, nikamsikia anakohoa kujikaza.

"Wewe uliye ndani," akasema, "kama umetoka kwa Mungu, sema!"

Sasa mimi nimelelewa, sauti ya mzee naijua, mdomo ukajisemea wenyewe. "Shikamoo baba."

Akajibu kwa mazoea, "Marahaba." Halafu, "Wewe nani?"

"Fundi."

"Fundi nani?"

"Fundi Skola, wa Mbinga. Nimeleta kabati."

Minong'ono ikarudi pamoja na miguu. Wakataka kufungua. Ufunguo uko wapi? Ninao mimi. Upitishe basi kwenye matundu. Matundu nilitoboa madogo kuliko kichwa cha ufunguo. Mwanamume mmoja akasema, "Leteni shoka tuvunje mlango," na hapo, jamani, nilipiga kelele kuliko siku niliyojifungua. "Msivunje! Mbao za baba yake hizo! Niacheni humu humu, nitazoea!"

Ndipo nikasikia sauti ya binti. "Hakuna anayevunja. Fundi, tufanyeje?" Alikuwa Restituta mwenyewe. Nikamwambia kupitia vitundu kwamba nyuma ni skrubu, zizungushwe kushoto, aanzie za chini. Akaomba kisu cha kukatia keki. Gauni lake la sendofu, nywele zimesukwa siku nzima, akapiga magoti mavumbini (huku chini hata tone la mvua halikuwa limedondoka, jua kali), akaanza kuzungusha, moja baada ya nyingine, huku ananiuliza, "Unapata hewa, shangazi? Usiogope, nipo." Bibi harusi mtarajiwa ananibembeleza mimi! Na wageni wote wakahamia nyuma ya kabati, wakwe wakabeba na viti vyao.

Plaiwudi ilipolegea sikuweza kugeuka. Nikatoka kinyumenyume. Basi, wakwe wa watu, waliosafiri kuja kufahamiana na ukoo, walichofahamiana nacho kwanza ni makalio yangu.

Nilisimama pale peku, nywele zimejaa manyoya ya blanketi, nisijue niangalie wapi. Nikamwona Mama Restituta ameketi, anapepewa. Nikaenda kupiga magoti mbele yake, nikasema, "Mama nisamehe, nimeharibu siku yako, umedhani ni baba." Akavua kitenge cha begani, akanifuta uso nacho, taratibu, kama unavyomfuta mtoto aliyeanguka.

"Nilidhani ni yeye, kweli," akasema. "Lakini mwanangu, tangu azikwe kila mtu ananiambia nyamaza, jikaze. Wewe ndiye wa kwanza kulia nami." Halafu akatazama kabati, akanitazama mimi, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani amerudi kulia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akanishikilia asidondoke, na Restituta akaja na kisu chake mkononi akacheka nasi, uwanja mzima ukafuata, hadi katekista, aliyekuwa akijaribu kuwa mtu mzima.

Nikapewa kiti meza ya ndugu, wali na samaki wa ziwani, na ndala za mtu. Nilipotuliza tumbo ndipo nikauliza, "Gaudensi yuko wapi?" Wakasema kijana wa gari alishusha mzigo, akapekua nyuma ya gari, akabadilika rangi, akageuza bila hata kunywa maji. Tukapiga simu yake, haipatikani. Wali ukanishinda hapo hapo.

Alirudi jua linazama. Matope hadi magotini, shati limechanika, mkononi ameshika ndala yangu moja. Alipomshusha yule mama wa kichanga aliniita nihamie mbele, nisipoitika akadhani nimelala chini ya turubai; baada ya kushusha mzigo akaikuta ndala hiyo tu, na alipoipiga simu yangu ikalia mbele kwenye kiti, akaamini nimerushwa mlimani. Hakutaka kuwaharibia watu sherehe, akarudi peke yake, kona kwa kona, anateremka kwenye makorongo, anaita jina langu. Aliponiona nimekaa na sahani, alikaa chini, akaweka ndala ile mapajani, akafunika uso kwa mikono.

Nikaenda kukaa naye. "Nisamehe mdogo wangu," nikamwambia. "Nilikuwa kabatini."

Akainua uso. "Kabatini?" Akafikiri. "Kwa hiyo ulifika salama."

"Nilifika bila mkwaruzo."

"Basi," akasema, akapumua kama mtu aliyetua gunia, na Mama Restituta mwenyewe akamletea maji ya kunawa.

Tangu hapo kila mzigo wangu mzito hubebwa na Gaudensi, uwe wa Maguu au wa ziwani, na kama gari lake limeharibika mteja atasubiri. Mimi nakaa mbele, nimefunga mkanda, mvua ije, radi ije, kabatini siingii tena, hata nikilipima kwa ndani mlango unashikiliwa na mtu mzima. Na wenzangu wafanyabiashara wakiniuliza wampateje msafirishaji wa kuaminika, siwaambii watazame matairi wala bampa. Nawaambia, ulizeni siku gani gari lake liligeuka njiani, na liligeuka kwa ajili ya nani.