Daftari la Viktoria

Viktoria, mshonaji wa sare za shule mjini Koboko, alirudi kutoka semina ya ushauri kule Arua Hill na cheti, daftari na maneno ya kutosha wilaya nzima. Kiwewe: jeraha la moyoni lisilopona. Kukana: kukataa kuona kilicho wazi. Somo la mwisho, la mtu kuona tu ushahidi wa alichokwisha kuamini, lilimpita akiwa kwenye foleni ya chakula.

Aliyebandikwa majina mengi zaidi alikuwa mumewe Loku, askari mstaafu. Siku aliposema ameota tena lile daraja la vitani, Viktoria alifungua daftari.

"Hiyo iko kiwewe. Ukurasa ya nne."

Loku akamaliza chai.

Tangu hapo kila Jumamosi akawa anaoga, anapiga pasi shati, anakwenda kijijini Kuluba kuangalia shamba. Jamani, nani anaogea mihogo? Alipoulizwa alijibu, "Mimi iko sawa tu." Viktoria akaandika: kukana. Ndoa ya miaka ishirini na miwili ilikuwa inamponyoka, na kila kitu kilimthibitishia hilo, hata karanga mfukoni mwa Loku, hata usingizi wake mzuri wa Jumamosi. Bila shaka kulikuwa na mwanamke.

Jumamosi ya tano alimfuata kwa boda, akajibanza nyuma ya ghala la shambani. Mwanamke alikuwepo kweli! Ila alikuwa Keji, mkimbizi mzee wa Sudan Kusini mwenye meno mawili, akimenya karanga. Loku naye alimenya, huku akisimulia daraja, na habari za Lado, rafiki ambaye yeye Loku alimwacha pale huku Lado akimwita kwa jina. Viktoria hakuwahi kulisikia jina la Lado. Keji alimsogezea Loku karanga nyingine.

"Bibi yako nyumbani, wewe hapana ambia yeye?" aliuliza hatimaye.

"Nikisema, yeye nafungua kitabu."

Viktoria alirudi kwa miguu akilia. Heri angewakuta kitandani, angejua pa kuanzia ugomvi.

Jioni alitandika mkeka, akaweka beseni la karanga zenye maganda, akamngoja. Loku alifika mlangoni, akalitazama beseni, kisha akamtazama yeye kwa jicho la askari wa kizuizi cha barabarani.

"Nani naambia wewe mambo ya Kuluba?"

Viktoria alichukua karanga, akaimenya. Aliendelea kumenya peke yake.

Jumamosi iliyofuata Loku hakuoga, hakwenda Kuluba, wala hakusema kitu.