Shingo ya Wifi Yangu

Watu wengi hapa Lodwar wamenisikia nikisema kwamba watu wa televisheni ndio waliomvua wifi yangu shanga. Nimelisema sokoni, nimelisema kwa wateja nikiwapima mabega, na nimelisema mbele ya mama yangu mzazi. Si kweli. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikiliacha mwisho nitalipamba.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu inakaa kwenye baraza ya duka la nafaka, na ilikuwa hapo hapo mwaka wa 2012, wakati redio ilipotangaza mashindano ya wabunifu wa mavazi. Watu wa televisheni wangezunguka nchi, na kila mahali wangechagua fundi mmoja wa kwenda Nairobi kushindana na wenzake, kila wiki mmoja akirudishwa nyumbani nchi nzima ikitazama. Upande wetu wangepiga picha Kakuma. Nilisoma hadi darasa la sita tu, na neno “mbunifu” nilikuwa sijawahi kujiita. Lakini nilijaza ile fomu. Katika daftari langu siku hiyo nimeandika: “Nimejaza. Sijui kama ni ujinga.”

Tulichaguliwa sita. Kazi ilikuwa moja: siku mbili, gauni moja, livaliwe na mwanamke unayemjua, na lionyeshe unakotoka.

Mwanamke niliyemjua alikuwa kwangu tayari. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ametoka kwao nje ya Kaikor, wanakoishi na mama yangu na mifugo, akimleta binti yake hospitali. Mtoto hakuwa amefikisha miaka miwili na kifua chake kilikuwa kibaya. Daktari alitaka kumwona kila wiki, basi wakakaa nami. Wifi ni mrefu, anasimama kama mtu anayesikiliza kitu mbali, na shanga zake zilianza mabegani zikapanda mpaka kidevu kikapumzika juu yake.

Kwetu mwanamke haonyeshi shingo. Shanga anaanza kuvishwa akiwa mdogo, anaongezewa na mama, na baba, na mume, analala nazo, anaoga nazo. Anazivua akiugua sana au akifiwa. Hili nililijua kabla ya kujua kusoma. Mimi sivai, ni mtu wa mjini, na huenda ndiyo sababu niliona ni jambo dogo. Au labda hicho nacho ni kisingizio.

Gauni langu lilikuwa na kola. Nilikata riboni nyembamba za rangi nyingi, nikazishona mstari juu ya mstari kwenye kitambaa kigumu, mpaka ikawa kola ndefu inayofanana na shanga kabisa. Nilijivunia ile kola kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Mtoto tulimwacha na jirani yangu, mke wa mwalimu, tukaenda Kakuma. Tulipofika nikamvika wifi, kola ikakataa kufunga. Nafikiri nilijua tangu nilipokuwa nakata. Nilipima shingo yake kwa macho, nikaondoa shanga kwa macho hayo hayo, nikakata.

Tulikuwa nyuma ya mashuka yaliyotundikwa ukumbini kuzuia mwanga. Nikamwambia, “Zivue tu. Ni kwa saa moja.”

“Na wakiniuliza nimefiwa na nani?”

“Nani atauliza? Hawa ni watu wa Nairobi.”

Akaniangalia, halafu akacheka, maana wifi hakosi neno. “Sawa. Lakini kichwa changu kikianguka, utakishona wewe.”

Wakati huo msichana mmoja wa televisheni, yule wa kushika karatasi na kutuita majina, alichungulia. Aliona mikono yangu nyuma ya shingo ya wifi. Akasema, “Ziache, mama. Zinapendeza sana.” Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ndiye niliyemsingizia miezi yote ile. Nikamjibu, “Hazitoshei,” naye akaenda zake. Alikuwa na haraka, lakini aliongea kwa heshima.

Mafundo yalikuwa yameshikana kwa mafuta na vumbi. Nikayafungua moja moja kwa ncha ya sindano. Shingo ilipotokea ilikuwa imepauka, laini kama ya mtoto mchanga, na ilitetemeka. Wifi alishika taya kwa mikono miwili. “Naona kama nitaanguka,” akasema, na safari hii hakucheka. Nikafunga kola haraka ili nisiione ile shingo. Lakini kwa shingo tupu kola ilikuwa pana, nayo akitembea ilishuka, na ngozi ile ya rangi nyingine ikaonekana juu ya riboni zangu.

Majaji walikuwa watatu. Mmoja, mama wa makamo, alishuka akaja kuigusa kola. Akauliza, “Huyu dada havai shanga zake mwenyewe?” Nikasema huvaa. “Ziko wapi?” Nikasema ziko ndani ya kikapu. Akatingisha kichwa pole pole. “Ningependa kuziona hizo.” Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba yule mama alinidharau. Hakunidharau. Aliuliza swali ambalo mimi ndiye ningepaswa kujiuliza.

Aliyeshinda ni fundi Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya hapo Kakuma, mwanamume mpole mwenye cherehani ya mkono. Nilisema pia kwamba alipendelewa. Lakini nililigeuza gauni lake ndani nje wakati watu wanakula, nikitafuta kosa, na ndani kulikuwa safi kuliko nje ya langu.

Kabla hatujaondoka waliniketisha peke yangu kwenye kiti mbele ya kamera wakaniuliza ninajisikiaje. Nikasema nimefurahi. Wakaniambia nirudie, jenereta ilikuwa imepiga kelele. Nikarudia kufurahi mara tatu.

Nyuma ya mashuka wifi alikuwa ameshaanza kuzirudisha. Nikamsaidia kufunga, nikitumia fundo langu la kawaida, lile la kufungia vifungo, mizunguko mitatu na kuvuta. Mkono wangu haujui jingine. Mtoto akapata nafuu, wakarudi kwao, na mimi nikarudi kwenye baraza.

Kipindi kilionyeshwa mwaka uliofuata, Jumapili mchana. Wifi alikuwa Lodwar tena, kifua cha mtoto kilikuwa kimerudi na wamelazwa. Mimi nilienda hotelini kutazama na majirani. Nilipotokea kwenye kioo watu walipiga meza, na muuza viatu mmoja kutoka Kitale akapaza sauti, “Fundi! Kumbe tunakaa na mtu mkubwa, na bado unatuchelewesha suruali!” Nilifurahi, sitakataa. Halafu akatokea wifi, anatembea, kola imeshuka. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye kona akainua uso. “Huyo amefiwa na nani?”

“Hakuna, mzee,” nikasema. “Ni mtindo.”

Mzee aliacha chai nusu, akachukua fimbo yake na kigoda chake, akatoka. Nilimwona akitoka, nami nikageukia kioo tena kuangalia kama watanionyesha nikifurahi.

Jioni simu ililia sana. Namba moja nisiyoijua ilipiga mara tatu na sikuwahi kuishika. Nilidhani ni mtu wa kunipongeza. Sikuwa na salio la kumrudia, nikalala.

Namba hiyo ilikuwa ya mwenye duka Kaikor. Dukani kwake kulikuwa na dishi, na vijana waliokuwa wanatazama walimtambua wifi. Mwenye duka, Mungu ambariki, alitaka kuniuliza kwanza. Vijana hawakungoja. Mmoja alienda kwa miguu mpaka bomani kwa mama yangu akamwambia alichokiona: mke wa mwanao, shingo wazi, anatembea mbele ya watu, na mtoto hayuko naye. Huyo kijana simlaumu, alisema ukweli mtupu. Wala mama hakukosea. Alijua mjukuu yuko hospitali. Na mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya televisheni atajuaje kwamba kinachoonekana leo kilitendeka mwaka jana?

Siku ya tatu kaka alinikuta kwenye baraza. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye lori, amenyolewa kichwa chote kama mtu aliyefiwa, vumbi limeshika mpaka kope. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ametoka hospitali, na alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi anakula mandazi.

“Ejok,” nikamsalimia.

Alimtazama mtoto. Akainama, akamshika mguu, kisha tumbo, kisha uso, mtoto akamnyooshea kipande cha mandazi. Kaka akaketi chini pale pale barabarani.

“Mama ameshavua,” akasema.

Sitaeleza safari ya kurudi naye, pamoja na wifi na mtoto. Mama tulimkuta mlangoni pa kibanda chake, kichwa kimenyolewa, shingo wazi. Sikuwa nimewahi kuiona shingo ya mama yangu. Hata siku baba alipozikwa nilikuwa shule ya bweni. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na nilitamani nitoe leso yangu nimfunike.

Kumlilia mtu aliye hai ni jambo baya kwetu, ni kama kukifungulia kifo mlango na kukionyesha njia. Na huyu alikuwa mtoto wa kifua kibaya. Wazee walichinja mbuzi, wakampaka mtoto majani yaliyotoka tumboni mwa mbuzi, wakamwombea. Yakaisha upande huo. Lakini mama alipoambiwa sasa avae shanga zake, alikataa. Alisema hazivai mpaka ajue ni nani aliyemvua mke wa mwanawe. Wazee wote wakanigeukia, kwa sababu ni mimi niliyempeleka.

“Ni watu wa televisheni,” nikasema.

Lilitoka jepesi kabisa. Sikulipanga.

Mama akamgeukia wifi, aliyekuwa anamimina chai. “Ni hivyo?”

Wifi hakuinua uso. “Walikuwa watu wengi huko, mama,” akasema, akaendelea kumimina.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa amevaa shanga zake. Nikarudi Lodwar nikijiambia yamekwisha, na kwa kuwa nilishasema mara moja, nikaendelea kusema. Kila nikisimulia niliongeza kidogo. Yule msichana wa karatasi nikampa sauti kali. Nikampa mkasi.

Ulipita muda, mwaka ule ule wa 2013. Nilienda Kakuma kununua vitambaa kambini, nikapita kwa yule fundi Mkongo. Nairobi walikuwa wamemrudisha wiki ya pili, na alikuwa akishona sare za shule kama zamani. Kulikuwa na wanawake wawili wanangoja nguo, wakanitambua, wakaniuliza habari ya yule dada wa kola, nami nikaanza. Nilipofika kwenye mkasi, fundi akasimamisha cherehani.

“Dada, usiseme ivo,” akasema kwa upole. “Miye nilikuwa pale pale, nyuma ya shuka ya pili. Ule binti alisema zibaki.”

Wale wanawake wakaangalia chini. Yeye akazungusha gurudumu, akaendelea na mshono wake. Hakutaka kunishinda mara ya pili, nafikiri. Nililipia vitambaa nikatoka, nikasimama kwenye jua bila kujua naelekea wapi. Juma hilo hilo nikapanda lori la Kaikor.

Mama alikuwa anamkamua mbuzi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla sijapewa maji, kwa sababu ningekaa ningeyameza tena. Nilimwambia yote, hata yale maneno ya msichana, “Ziache, mama.”

Hakuacha kukamua. “Nilijua.”

“Wifi alikwambia?”

“Huyo hajasema kitu. Fundo ni lako. Nimevaa nguo zako miaka mingapi? Aliporudi mwaka jana nilimpaka mafuta shingoni, nikayakuta mafundo ya vifungo, mizunguko mitatu. Nikafikiri nyuzi zilikatika ukamtengenezea. Siku ulipotaja watu wa televisheni ndipo nikaelewa.”

“Na mbona ukavaa zako?”

“Mtoto alikuwa analia akiona shingo yangu. Alikuwa hanijui.” Akamsukuma mbuzi, akainuka na kibuyu. “Kaka yako hajui. Yuko na ngamia, atarudi leo jua likishuka. Huyo utamwambia mwenyewe.”

Nikasema sawa. Nilidhani amemaliza na mimi. Lakini alimwita wifi, akamketisha kwenye ngozi, akaniambia nikae nyuma yake. Akanionyesha fundo lenyewe linavyofungwa, kwa vidole vyake, pole pole, kisha akafungua lake na kunipa nifunge. Nilikosea mara nne. Nilipolipata tukaanza kubadilisha yale yangu, uzi mmoja mmoja, huu ufungwe ndipo ule ufunguliwe, shingo isibaki wazi hata kidogo. Mtoto alikuwa anakimbia sasa, akaja akasimama mbele ya mama yake kutuangalia.

“Usikaze sana, wifi,” wifi akasema. “Hiki kichwa nakihitaji bado.”

Sikujua kama anatania au ananikumbusha, na sikumuuliza. Nilifunga. Tulikuwa tumebakiza nyuzi kama kumi mbwa walipoanza kubweka upande wa bonde, na mama akasema bila kugeuka, “Ndiye huyo anakuja.” Nikataka kuinuka nikamlaki. Mama akaniwekea mkono begani.

“Maliza kwanza.”