Ukoo wa Kishindo Unafuata Tumbo

Saa mbili asubuhi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, umeshachangamka. Mikokoteni inapita, wapagazi wanapiga miluzi ya kuomba njia, na kwenye kibaraza cha duka la mapazia Paskalina amempakata roboti wa vita wa kuchezea, asiye na kichwa. Anamgeuza huku na huku kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka kucheza.

"Mkono wa kulia una nyundo," anasema, akikaza skrubu ya bega kwa bisibisi. "Basi huyu ni Nyundo. Tumbo ni la Kifaru. Nyundo wa Kifaru. Imeisha hiyo."

Anamsogeza pembeni, kwa jirani yake wa kibarazani. Huyo ni Abdulswamad, mwandika mabango, mzee wa mjini mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na vidole visivyotakata rangi. Anachovya brashi na kuandika jina tumboni kwa rangi ya njano, herufi za kulala, kama anaandika jina la duka la dhahabu. Hapo roboti anahesabiwa kuwa amezaliwa.

Paskalina ana miaka hamsini na nne na kazi yake haina jina linaloeleweka haraka. Ananunua midoli mibovu, anaivunja, na kutokana na mabaki hayo anaunda majitu ya vita ambayo hayapatikani katika duka lolote la jirani. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu thelathini. Siku mbaya anaondoka na nauli na maumivu ya mgongo.

Kinachowaleta wateja, hata hivyo, ni majina. Kanuni yake ni nyepesi na watoto wa Ilala wanaijua kuliko jedwali la kuzidisha. Silaha ya mkono wa kulia ndiyo inayompa roboti jina lake: Radi, Nyundo, Msumeno. Tumbo ndilo linalompa ukoo, na koo ziko tatu tu: Kifaru, Zege na Kishindo. Wakitokea wawili wanaofanana kila kitu, wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na hawauzwi mbalimbali hata mteja apige magoti.

"Kwetu Newala ukoo unafuata tumbo," anaeleza. "Mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba tunamheshimu, tunampikia, lakini ukoo ni wa mama. Sasa na hawa je? Baba ametoa mikono na miguu, ametoa nguvu za kufanya kazi. Aliyewabeba ni tumbo."

Abdulswamad anaguna bila kuinua macho. "Huku pwani mtu anaitwa kwa baba yake. Mimi ni Abdulswamad Hashimu. Hashimu si mama yangu."

"Andika, Baba Shamsa. Umeitwa kuandika, hujaitwa kuoa."

Ndivyo wanavyoitana, Baba Shamsa na Mama Mektilda, kwa majina ya binti zao wa kwanza. Ni watani wa miaka mingi, na anayepita haraka angedhani wanagombana.

Anafika Candida, mama kijana anayeishi ghorofani Mchafukoge. "Shikamoo, Mama Mektilda. Mwanangu anataka Radi wa Kishindo. Amesema nikimletea mwingine nisiingie ndani."

"Marahaba, mwanangu. Wa Kishindo hakuna. Mpelekee Radi wa Zege, mwambie ni ndugu yake, baba mmoja mama mbalimbali."

"Atakubali kweli?"

"Watoto hawana neno na ndugu wa baba mmoja. Wenye maneno ni watu wazima."

Candida anacheka, analipa, anaondoka na Radi wa Zege chini ya kwapa. Paskalina anamsindikiza kwa macho, na kicheko chake kinakatika mapema. Kukosekana kwa wa Kishindo ndiko kunakomnyima usingizi siku hizi.

Alikuja Dar es Salaam akiwa msichana kufanya kazi za ndani, akaolewa, akafiwa na mume, akalea Mektilda kwa kuuza mitumba. Zaidi ya miaka kumi iliyopita alisikia kwamba kuna wakala wa bandarini anauza kwa bei ya kutupa midoli iliyopondeka ndani ya kontena. Wenzake walienda kutazama, wakatema mate, wakarudi. Yeye alirudi na viroba vitano.

"Mle ndani mlikuwa kama vita imepita kweli," anakumbuka. "Miguu huku, vichwa kule. Mektilda akaniuliza, mama, umenunua maiti? Nikamwambia tulia, hawa tutawafufua."

Alitenga matumbo kwanza. Mengi yalikuwa ya kawaida, lakini yalikuwamo machache mapana, ya plastiki nzito ya kijivu, yenye kifua kilichofura na mbavu za kuchongeka. Roboti wa kwanza wa tumbo hilo alimponyoka mkononi, akaanguka sakafuni, na mama mwenye nyumba chumba cha pili akauliza hicho kishindo ni cha nini. Jina likapatikana hapohapo.

Matumbo ya Kishindo hayakuletwa tena. Zege na Kifaru huokotwa huku na kule mpaka leo, ila Kishindo liliondoka kipande kimoja kimoja hadi likabaki moja tu. Hilo Paskalina alilifunga kwenye kitenge na kuliweka chini ya kiti. Wateja wamemtajia bei nono, amekataa. Mtu wa Newala anajua maana ya ukoo kubakiwa na mwanamke mmoja: huyo asipozaa, ukoo umekatika.

Tumaini likatokea Gerezani, kwa Seifu, fundi wa faiba anayetengeneza mabampa ya magari. Alisema anaweza kutoa kalibu ya lile tumbo, yaani chombo cha kumiminia kinachochukua umbo lake, na kutoka kwenye kalibu hiyo yakazaliwa matumbo mengine hata mia. Ila alimwonya bila kumung'unya maneno kwamba plastiki ile imezeeka, huenda ikapasuka siku ya kufungua. Nafasi ni moja.

Kabla ya kulipeleka, Paskalina alitaka kuliona limesimama mara ya mwisho. Akalivisha mikono ya Radi na miguu ya kuazima, akaliegemeza ukutani. Mara simu ikalia: Mektilda, mwenye mimba ya miezi saba, anaumwa tumbo. Akaondoka mbio kwenda kumpeleka zahanati, kibaraza akamwachia jirani.

Abdulswamad alimwona roboti amekamilika, hana jina. Akaona amsaidie mwenzake aliye katika wasiwasi. Akafikiri kipwani. Mikono ni ya Radi, kwa hiyo baba ni Radi. Umbo ni la kike. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa baba, na mama yake Radi si ndiye Kishindo? Akachovya brashi na kuandika kwa mapenzi yote: Kishindo wa Radi.

Jioni Paskalina alirudi na habari njema kwamba Mektilda ni mzima na mtoto anacheza. Akaangalia ukutani, akashika kichwa.

"Baba Shamsa! Umemfanya mama kuwa mtoto wa mwanawe!"

"Mama yupi? Si mjukuu huyu? Nimempa jina la bibi yake."

"Bibi ndiye huyohuyo! Huyo ndiye Kishindo mwenyewe, hakuna mwingine!"

Mzee alifadhaika. Akanyakua chupa ya thina na kitambaa, akasugua upesi kabla rangi haijakauka. Rangi ilitoka. Ikatoka na ngozi ya tumbo pia, maana thina ililamba ile plastiki kongwe, ikalainika, na pale palipokuwa na jina pakabaki michirizi iliyozama, iliyopindapinda, isiyosomeka.

 Paskalina alilifunga tumbo kwenye kitenge, akaenda zake. Kwa siku kadhaa wakakaa kibaraza kimoja kama abiria wasiojuana. Maroboti yakauzwa bila majina, na wateja wakayarudisha.

"Mimi nimeandika mabango mji huu tangu kijana," anasema Abdulswamad, sauti imeshuka. "Nimekosea herufi, nimekosea namba za simu za watu. Sijawahi kujisikia vile. Niliona nimeuchafua uso wa mama wa mtu."

Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa yeye mwenyewe, kwa ulimi wake uleule. Asubuhi moja alimletea Paskalina chai ya tangawizi na kitumbua, akasimama mbele yake.

"Nisamehe. Thina ni kosa langu, sina pa kulikwepea. Lakini kuhusu jina, niulize neno moja tu?"

"Uliza."

"Wewe jina lako nani?"

"Unanijua."

"Mtaa mzima unakuita nani?"

"Mama Mektilda."

"Mektilda si umemzaa wewe? Mbona unaitwa kwa mwanao, na hujawahi kunirushia bisibisi?"

Paskalina alikaza uso. Akajaribu kuukaza zaidi, ukamshinda. Wauza mapazia wanasema alicheka mpaka akaomba maji, kisha akalia kidogo, kisha akala kitumbua.

"Mjinga yule ana akili," anasema sasa, akimtupia jicho la upendo ambalo mzee anajifanya hajaliona. "Kweli, mtoto akishazaliwa na yeye anampa mama yake jina. Sikuwahi kulifikiria hivyo."

Baada ya hapo tumbo lilipelekwa kwa Seifu, na leo ndiyo siku ya kufungua kalibu. Saa sita wanafunga kibaraza na kutembea pamoja hadi Gerezani. Seifu anawasubiri, ameshikilia kabari ya mbao. Anagonga taratibu, anasikiliza, anagonga tena. Abdulswamad ameshika tasbihi, Paskalina ameshika msalaba wa rozari, na karakana nzima imesimamisha mashine kuwastahi.

Unasikika mlio mkavu. Tumbo la Kishindo linatoka katika vipande viwili.

 Seifu anaipeleka kalibu kwenye mwanga, anapitisha kidole ndani yake polepole, pembe hadi pembe. "Kalibu nzima," anatangaza. "Mbavu zote zimeshika. Ila, mama, na ile michirizi ya thina imeshika pia. Nikisema niizibe nitaharibu kifua. Kila litakalotoka humu litakuwa nayo."

Abdulswamad anainamisha kichwa. Paskalina anatia mkono ndani ya kalibu, anaitafuta michirizi kwa ncha za vidole, na vidole vinakaa hapo.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale usoni," anasema. "Hakujua kusoma, na jina lake halikuandikwa popote. Lakini alikuwa akienda mnadani, watu wasiomjua wanamtazama uso, wanajua huyu wa kwao wapi. Usiizibe, mwanangu. Sasa ukoo wa Kishindo una chale zake."

Vile vipande viwili anavifunga kwenye kitenge. Nyumbani kuna gundi, anasema, na Kishindo mwenyewe atakaa kabatini, apumzike. Mpango wake ni matumbo kumi ya kwanza kabla ya Mektilda kujifungua, kisha kibaraza kipate rafu ya ukoo huo peke yake. Radi wa kwanza ameshamwekea mtoto wa Candida.

Njiani kurudi, Abdulswamad anauliza kwa woga kidogo kama bado ataandika yeye.

"Utaandika wewe. Jina chagua lolote ulipendalo."

"Lolote?"

"Lolote, Baba Shamsa. La ukoo hutaandika. Hilo umeshaliandika wewe, na halifutiki tena."