Ngoma Iliyojipiga

Bendi aliyoipenda ikisikika redioni, mjomba kinyozi alizima mashine, hata kama mteja amenyolewa nusu kichwa. Ilikuwa bendi ya wazee waliopiga ngoma, sufuria na misumeno, na jukwaani hawakuwahi kurudia wimbo vilevile.

Siku moja binti wa dada yake alipita kumsalimia, akamkuta amefura. Alikuwa akibishana kuhusu onyesho la jana na fundi viatu, shabiki mwenzake, aliyeketi na povu kidevuni.

"Mpiga ngoma kaweka vijiti chini, kajifuta jasho, ngoma bado inalia," mjomba alisema. "Ilirekodiwa ile."

"Wamezeeka, kaka. Watu si walicheza?"

"Walichezea kanda. Na mimi nimevaa suti."

"Haya, ninyoe, tusije tukakosana."

"Kanyolewe na mashine iliyorekodiwa."

Fundi viatu aliondoka na povu lake. Tangu hapo redio haikuwashwa tena, na binti aliona kimya kile kikimzeesha mjomba kuliko mvi. Mjomba alipougua na kulazwa, binti alimtembelea wodini kwa mara ya mwisho, akamuuliza kama bado ana hasira na bendi ile.

"Mwanangu, bora wangekosea tu mbele yetu," alisema. "Nani angewacheka?"