Siku Mama Alipovishwa Mbele ya Kamera

Juzi nilipita Ujiji, nikasimama mbele ya nyumba iliyokuwa ya bibi. Ukuta wa udongo umepigwa saruji. Jirani alikuwa akikaanga dagaa kwa mawese, na harufu ile, rafiki yangu, ikanirudisha uani pale pale, mchana wa jua kali, nikiwa msichana wa miaka saba.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Bibi, mama yake baba, aliongoza chama cha lelemama cha akina mama wa mtaa. Walicheza pamoja, lakini zaidi walikuwa wameapa kutunzana. Ukijifungua, walikuja alfajiri na uji. Ukifiwa, walilala kwako mpaka matanga yaishe.

Mama hakuwamo. Alizaliwa Kidahwe, kijiji cha Waha, akasilimu alipoolewa, na Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake. Wanachama walimtania kwa kumwita "Mwakeye", salamu ya kwao. Mara tatu aliomba kuingia, mara tatu akaambiwa asubiri. Mdogo wangu alipofariki akiwa mchanga, bibi alikuja kama bibi, peke yake. Chama hakikuja. Tangu hapo mama hakuomba tena.

Kumvisha mwanachama mpya kilemba kulifanyika chumbani, mlango umefungwa. Kisha wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam, wakikusanya ngoma za taifa, wakaomba waone na hilo. Bibi alifikiri siku nzima.

"Sisi tutakufa," aliwaambia wenzake. "Hicho chombo huenda kisife."

Kwa sababu ya mwanga, mkeka ukatandikwa uani. Binti wa jirani akakaa katikati. Ngoma zilianza chini, kama moyo wa mtu aliyelala, na upatu ukaingia juu yake. Wanawake wakamzunguka kwa mavazi meupe, na nyuso nilizozijua sokoni zikawa ngeni kwangu. Ngoma zikakatwa ghafla. Bibi akamwaga maji ya ziwa miguuni mwa binti, akamfunga kilemba cheupe, akasema, "Uzazi wako ni wetu. Msiba wako ni wetu. Maiti yako ni yetu."

Mpiga picha akainua kichwa. "Samahani, Bibi. Mkanda umekwama. Tuanze upya."

"Nimekwisha kusema."

"Tufanye kama mchezo tu."

"Baba, haya hayachezwi. Kumrudia aliyefungwa ni kumfungua."

"Basi mwingine yeyote."

Bibi akazungusha macho. Kila mwanamke pale alikuwa amekwisha kuvishwa. Macho yake yakavuka vichwa vyote, yakatua jikoni, ambako mama alikuwa ameinamia karai la dagaa.

"Mkwe wangu, njoo."

"Mwakeye?" shoga yake bibi akashangaa. "Leo tunaingiza watu kwa ajili ya kamera?"

"Kamera inaondoka kesho. Huyu tunaye. Tulimwacha azike mtoto peke yake, na mimi niliwanyamazia. Nani ana la kusema, aseme sasa."

Mama alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Alikaa mkekani. Ngoma zikaanza tena chini. Sijui kama ni jua au ni machozi yangu, lakini mama niliyemzoea kwenye moshi alionekana mkubwa, mzito, kama mlima unaotokea ng'ambo ya ziwa baada ya mvua. Bibi akamfunga kilemba, akatamka maneno yale. Mama alijibu, "Nimekubali," kwa lafudhi yake yote ya Kidahwe, na vigelegele vikapanda. Shoga yake bibi alichelewa kidogo, kisha akapiga kuliko wote.

Sinema yenyewe hatukuiona kamwe. Chama nacho kilififia. Wasichana wa rika langu hawakuomba kuingia, na ngoma zile ziliwambwa ngozi kwa mara ya mwisho nikiwa darasa la saba. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kuvishwa. Aliwauguza wenzake mmoja mmoja, akamwosha bibi alipofariki, akamwosha shoga yake bibi, akamwosha hata binti wa jirani aliyevishwa naye siku moja.

Zamu yake ilipofika, hakuwa amebaki mwenzake wa kumwosha. Nilimwosha mimi, pamoja na wanawake wawili tuliowaita kwa simu, ambao waliniuliza jina lake.