Mfereji Usioguswa

Nilikubali kuhamishiwa Hatta kwa sababu niliambiwa huko hakuna kazi. Kule Deira, katikati ya jiji la Dubai, nililinda mlango wa hoteli hadi miguu ikavimba. Huku milimani ningelinda mfereji. Mfereji! Mtu wa kidato cha nne, aliyetoka kwao Nyeri akilia kama bibi harusi, anakabidhiwa maji ayaangalie yakipita. Nikabeba blanketi langu, mambo yasije yakanizidi.

Falaji, ndivyo Waarabu wanavyouita mfereji huo, ni ya mawe, imepita ubavuni mwa mlima. Zamani maji yake yalizungusha gurudumu la karakana ya kufua shaba. Sasa karakana imebaki kuta na tanuri, nayo falaji inahifadhiwa kama mboni ya jicho. Amri ilikuwa moja: hakuna kugusa jiwe. Ukigusa, khalas, tiketi ya kurudi nyumbani.

Mlinzi mwenzangu alikuwa Mmarakwet, mtu wa mifereji tangu tumboni. Kwao, alinieleza, ukiona mfereji umetoboka ukapita kimya, wazee wanakula mbuzi wako.

"Wewe ni mlinzi au fundi wa bomba?" nikamchokoza.

"Na wewe ni mlinzi au godoro?"

Mvua ikaja adhuhuri moja, bila hodi. Mlima ukanguruma. Bonde likajaa maji ya udongo yanayorusha mawe, na mbuzi akapita mbele yetu shingo imevunjika. Falaji ikafurika. Ukuta wake ukapasuka juu ya karakana, maji yakaanza kulitafuna tanuri.

Mwenzangu akanyakua mtaimbo, akapanda mbio mkondo wa juu.

"Yalla, njoo! Tukibomoa hapa, maji yatamwagikia bondeni kabla hayajafika kwa tanuri!"

"Tubomoe? Umerogwa? Watakufukuza!"

"Basi wanifukuze!"

Nikamrukia mgongoni. Mimi, ambaye sijawahi kupigana na chochote ila usingizi. Akanipiga kiwiko, mdomo ukapasuka. Nikamuuma bega, silaha ya mtu wa nyumbani. Tukaangukia ndani ya falaji, na maji yakatubamiza ukutani mara mbili. Mara ya pili nikasikia ubavu wangu ukilia kama ukuni mkavu. Akanikamata ukosi, akanitupa nje kama gunia la viazi, akaurudia mtaimbo.

Pigo la tatu, ukuta ukafunguka. Maji yakatoka kwa kishindo kwenda bondeni, na jiwe moja likamsaga vidole viwili. Alikaa tu chini, ameushika mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Kule karakanani tanuri lilikuwa bado limesimama. Sehemu kubwa yake.

Asubuhi yake, mwenzangu akiwa hospitali, akaja msimamizi, mzee wa ukoo wa Zanzibar aliyezaliwa hapahapa Dubai. Akainama kwenye pengo, akagusa alama za mtaimbo.

"Nani kavunja ukuta huu?"

Ubavu ukinichoma, nikajikaza. "Mimi, mzee."

Akanitazama mdomo uliovimba, akatazama kitambi, akalitazama blanketi kwenye kiti.

"Wewe? Wewe uinue mtaimbo?"

"Naapa, mzee."

"Usiape, utapata dhambi bure."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatoa kalamu, akaandika jina moja kwenye fomu ya tiketi ya kurudi nyumbani, na halikuwa langu.