Siku Mheshimiwa Alipongojeshwa Mlangoni

Kanisa letu la Namakwekwe, hapa Mbale, lilikuwa likisali katika ukumbi wa kupanga, na mwenye ukumbi alikuwa mheshimiwa mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyeingia siasa. Mimi nilikuwa katibu wa kanisa, mwandika ratiba. Kuna kifungu ambacho sikuwahi kukiandika lakini kila mtu alikifuata: mheshimiwa akifika, chochote kinachoendelea kinakatwa, watu wanasimama, kwaya inamwimbia, naye anapewa kipaza sauti. Nimewahi kuona sala ikikatwa kabla ya "amina".

Jumapili hiyo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mpumudde, Jinja, nikampa somo la Zaburi. Alisoma kwa Kiswahili, lugha aliyoizoea kambini, maana baba alikuwa askari. Vijana wa kwaya wakatazamana. Kwa wengi hapa Kiswahili bado ni lugha ya askari, ya amri na viboko. Mama akaendelea polepole, habari za Mungu anayetawala tangu zamani, ambaye maji hata yavume namna gani hayatikisi kiti chake.

Magari matatu yakasimama nje. Watu wakainuka.

"Katibu," mchungaji akaninong'oneza, "mwambie mama akomee hapo. Unajua mkataba wa ukumbi unaisha mwezi huu."

Nilijua. Barua ya kuomba uongezwe niliiandika mimi. Nikaenda mbele.

"Mama, mheshimiwa ameingia."

"Nimemuona. Mimi si kipofu."

"Tukatishe kidogo tu."

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni pake, ukumbi mzima ukasikia: "Mwanangu, hapa Mfalme bado anaongea. Afande angoje. Jeshini si walimfundisha kungoja?"

Mtu wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Swichi ya kipaza sauti ilikuwa karibu na mkono wangu, na mchungaji alikuwa akiitazama. Sikuigusa. Mheshimiwa alisimama mlangoni na walinzi wake mpaka Zaburi ikaisha, na mama hakuruka hata mstari.

Jumanne tukakuta kufuli jipya mlangoni. Wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani kwangu.

"Umeona kazi ya mama yako?"

Mama alikuwa anachambua maharage. "Kwani mlikuwa mnamwabudu mwenye ufunguo?" akauliza. Akaendelea kuchambua.

Kwa miaka mingi nilisoma Zaburi za namna hiyo kama ahadi kwamba Mungu akitawala, mambo yetu yatanyooka. Nilisoma vibaya. Waliozishika kabla yetu walishuhudia wafalme wao wakichukuliwa na mji wao ukichomwa, na bado wakaendelea kusema Mungu anatawala. Hakuna mstari unaotuahidi ukumbi. Kilichomo ni kwamba anayetufungia mlango naye ana Bwana juu yake, kwa hiyo hatuna sababu ya kumtetemekea. Nimechelewa kulijua hilo, lakini sasa siliachi.

Jumapili iliyofuata tulisali kando ya barabara, mbele ya mlango uliofungwa. Viti vilikuwa ndani, kwa hiyo tulisimama, na waendesha bodaboda wakazima pikipiki kusikiliza. Mchungaji alifika wa mwisho. Akaiomba Biblia ya mama, akafungua Zaburi ileile, akaanza kusoma kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. Gari la mheshimiwa likatokea, likapunguza mwendo hadi karibu kusimama.

Mchungaji akapaza sauti, akaendelea kusoma.